Dogo kaosha kitambaa cha pool kwa sabuni ya unga, kimekaa mawimbi kama bahari ya Feri. Kinaokoleka?

Kiranja wa Kimara

Wakuu habari za usiku. Nina kagrosari kangu huku Kimara ndani ndani, na pale barazani nimeweka meza moja ya pool. Siyo mpya, niliichukua mkononi kwa jamaa aliyekuwa anafunga biashara. Game jero. Siku za kawaida inalipa umeme na posho ya dogo anayenisaidia, wikiendi inazidi hapo.

Sasa Jumapili usiku kulikuwa na mpira kwenye TV, watu kibao, mmoja kamwaga bia juu ya meza, mwingine kamwaga soda nyeusi, changanya na chaki na lile vumbi letu mnalolijua, asubuhi kitambaa kilikuwa kama ovaroli la fundi gereji. Mimi nikawahi Kariakoo kufuata mzigo. Dogo kwa nia njema kabisa kachukua ndoo, sabuni ya unga na ile brashi ya plastiki ngumu ya kufulia, kaisugua meza nzima kama anafua jinzi. Halafu kasuuza. KASUUZA wakuu, kwa kopo, maji yanatokea kwenye mashimo.

Narudi saa kumi jioni nakuta kaelekeza feni kwenye meza, mwenyewe kakaa pembeni anasubiri sifa. Nilishindwa hata kugomba.

Leo siku ya tatu. Kimekauka ila katikati pameinuka kama kuna mtu kalala chini, na upande wa kulia pana mikunjo midogo midogo. Ukiusukuma mpira polepole unafika pale unasita kama mtu anayevuka Morogoro Road, halafu unakata kushoto wenyewe. Wateja wameanza kuhamia kwa jirani. Kabaki muuza chipsi wangu wa hapo nje tu, yeye ndo kwanza anaipenda, kashajua mpira unakata wapi anawala watu soda kila jioni.

Naombeni ushauri, kinaokoleka au ndo nibadilishe? Na siku nyingine kikichafuka nisafisheje?

Jongoo wa Jiji

Hahahaha "kalala chini" 😂😂 mkuu mpe dogo posho yake, huyo kakutengenezea meza ya milima na mabonde, andika bango, MEZA PEKEE DAR YENYE MATUTA

Mtoto wa Tandika

Pole mkuu. Dawa yake pasi. Sisi huku tunapiga pasi, kinanyooka kama shati la Idd.

Fundi Meza

Nimefanya hii kazi ya kuvika meza miaka mingi ngoja nimjibu mleta uzi taratibu, na wewe wa pasi nakuja kwako.

Mkuu, kitambaa cha pool cha maana kina sufu, ile ile ya kondoo, imechanganywa na nailoni. Viko vyenye sufu tisini kwa mia nailoni kumi, viko vya sabini kwa thelathini. Sasa sufu na maji ya sabuni na kusugua ni maadui wa kuzaliwa. Uzi wa sufu ukiuangalia kwa hadubini una magamba, ukilowa magamba yanafunguka, ukisugua yanang'ang'aniana, ukikauka ndo umeshajifunga hivyo hivyo. Umewahi kuona sweta la mitumba limefuliwa vibaya likatoka la mtoto? Basi ndo hicho hicho. Ila sweta liko huru linajivuta upande linaotaka, kitambaa chako kimebanwa kingo zote, kwa hiyo pale gundi iliposhika kimevutika na pale gundi ilipoachia kimeinuka. Huyo mtu wako aliyelala chini ni gundi iliyoachia.

Cha pili, hiyo sabuni haijatoka. Hata ungesuuza mara kumi haitoki, imebaki ndani ya nyuzi, na sabuni iliyobaki inanasa vumbi. Hicho kitambaa kitachafuka haraka kuliko kabla hakijaoshwa.

Cha tatu ndo muhimu na watu hawakifikirii. Maji yameenda wapi? Chini ya kitambaa kuna jiwe. Kama ni jiwe kweli lenyewe halidhuriki, ila limekalia fremu ya mbao, na mbao ikinywa maji inavimba. Meza nyingine za bei rahisi hazina jiwe kabisa, ni mbao za unga wa kubandika, hizo zikilowa zinafura kama andazi na hazirudi. Kwa hiyo usikimbilie kitambaa, tafuta kwanza pimamaji, weka katikati, weka kona zote nne, uone kama meza bado imelala sawa.

Jibu fupi: hicho hakiokoleki. Unaweza kukifungua ukakivuta upya kikacheza mwezi au miwili, ila sabuni iko ndani na sura yake imeshaharibika.

Wa pasi sasa. Unapiga pasi gani, na kitambaa cha aina gani?

Mtoto wa Tandika

Ya mkaa fundi, ya umeme waya haufiki

Fundi Meza

Mungu wangu.

Jongoo wa Jiji

Naweka kambi hapa 😂 leteni kahawa na kashata

Snuka Upanga

Naomba niingilie kidogo maana mimi nimekulia kwenye meza za snuka, ule mchezo ndugu wa pool wenye meza kubwa. Kupiga pasi kupo, mtoto wa Tandika hajatunga, ila kuna masharti. Vitambaa viko vya namna mbili. Kuna chenye manyoya, kile ukipitisha kiganja upande mmoja kinateleza ukirudi kinakwaruza, ndo cha snuka na meza nyingi za Kiingereza. Na kuna kile kilichosokotwa laini hakina manyoya, kinakimbiza mpira sana, ndo wanachopenda Wamarekani. Kampuni ya Simonis kule Verviers, Ubelgiji, imejulikana sana kwa hicho cha pili, na historia yao ya kusuka sufu wanaihesabu toka mwaka 1680.

Pasi ni ya chenye manyoya tu. Na pasi yenyewe ni kipande cha chuma kizito bapa, hakina matundu wala mvuke, unapitisha upande mmoja tu bila kusimama, toka upande wa kuvunjia, yaani unapopigiwa mpira wa kwanza wa game, kwenda upande wa kupangia mipira. Kabla hujagusa meza unaijaribu kwenye gazeti, gazeti likibadilika rangi pasi ni ya moto mno, unasubiri. Na unapiga brashi kwanza, ukipiga pasi juu ya vumbi umelipikia humo humo.

Hicho kingine, au chochote chenye nailoni nyingi, pasi ya moto inayeyusha nailoni. Na ya mkaa huwezi kuipunguza moto ukitaka, halafu siku cheche ikidondoka je?

Mtoto wa Tandika

Sawa nimekubali. Nilikuwa sitaki kusema ila meza yetu ina alama ya pasi pale karibu na shimo la kati, umbo la mtumbwi kabisa, nilipokea simu kidogo tu. Watu wanaiita Kigamboni, "piga mpira uvukie Kigamboni."

Jongoo wa Jiji

😂😂😂😂 uzi bora wa mwaka

Mama Grosari

Vijana mna vituko. Mleta uzi pole mwanangu. Mimi nina meza tatu, mbili Mbagala moja Sinza, na kitambaa changu cha Sinza kimekaa kuliko vya Mbagala vyote, siyo kwa sababu watu wa Sinza ni wastaarabu, walevi ni wale wale, ni vumbi tu. Mbagala barabara ya mtaa wetu haina lami, bodaboda akipita wingu linaingia barazani. Nilivyoona hivyo nikaacha kusafisha siku ya kuchafuka, sasa hivi nasafisha kila siku kabla ya kufungua, dakika kumi hazifiki.

Nina brashi laini, ile ya kusafishia suti, nyuzi zake laini siyo plastiki. Ile pana ya farasi wanayouza mahsusi kwa meza ni nzuri zaidi ukiipata, ila usikae bila kusafisha eti unaisubiri. Naanza chini ya zile raba za pembeni maana uchafu wote unakimbilia pale, ukipitisha kidole unatoka na buluu. Halafu nanyoosha toka upande wa kuvunjia kwenda upande wa pembetatu, mistari mirefu, upande mmoja tu, sirudishi. Kama unavyompapasa paka, ukimpapasa kinyume anakukwaruza. Msizungushe brashi mduara kama mnasugua sufuria, manyoya yanasimama kila mmoja na upande wake na mpira unayumba.

Mtu akimwaga kitu, simamisha game. Hata kama wanacheza dau, simamisha. Chukua taulo kavu jeupe, GANDAMIZA, usifute. Ukifuta unakitawanya na kukishindilia. Gandamiza, geuza taulo, gandamiza tena mpaka halitoki na kitu. Bia ukiiwahi inaisha hapo hapo. Soda ina sukari, hiyo baada ya kugandamiza nalowesha kitambaa kingine kwa maji safi ya uvuguvugu nakikamua mpaka hakitoi tone, nagandamiza tena pale pale penye doa, halafu nakausha na taulo. Maji yasishuke mpaka kwenye jiwe. Sabuni hapana, jiki usithubutu, sijui spiriti hapana.

Taulo liwe jeupe kwa sababu binti yangu alitumia kanga nyekundu mpya siku moja na sasa nina meza ya kijani yenye kidimbwi cha pinki.

Kiranja wa Kimara

Mama shikamoo, asante sana. Hapo kwenye kugandamiza ndo sisi tulipokufa. Swali, kuna alama nyeupe ndefu pale tunapovunjia, na vidoti vyeupe kule inapokaa pembetatu, dogo anasema ndo alikuwa anazisugua hasa hazitoki.

Mama Grosari

Marahaba. Hizo mwachie fundi, mimi nilizisugua mwaka mzima.

Fundi Meza

Haziwezi kutoka kwa sababu siyo uchafu, ni kuungua. Mpira mweupe ukipigwa kwa nguvu za kuvunja, kabla haujaanza kubingirika unateleza kwanza, msuguano ule una joto la kuchoma ncha za nyuzi. Na ule wa mbele ya pembetatu unapigwa mahali pale pale kila game, unapata kidoti chake. Kwa hiyo mkuu dogo alikuwa anafua kovu.

Kuna vibandiko vyeusi vidogo vya mviringo, unaweka kimoja pa kuvunjia kimoja pa kupangia, vinapunguza. Ila kitu kikubwa ni chaki.

Snuka Upanga

Hapo kwenye chaki niachie fundi, ndo ugonjwa wangu.

Hii tunayoiita chaki siyo ile ya mwalimu ubaoni. Zamani ndo walikuwa wanapaka chokaa kweli kwenye ncha ya fimbo. Mwaka 1897 Wamarekani wawili, Spinks aliyekuwa mchezaji wa biliadi na Hoskins aliyekuwa mkemia, wakapata hati ya ubunifu ya chaki mpya, ina silika na korandamu. Korandamu ndo ile ya kwenye msasa. Yaani kile kidude cha buluu ni unga wa msasa umegandishwa. Ndo maana unashika mpira vizuri. Sasa mchezaji anainamia meza, anasaga chaki kwenye fimbo kwerekwere kama anakuna nazi, unga wote unashuka kwenye kitambaa, halafu mipira kumi na sita inapita juu yake usiku kucha. Mnakipiga msasa kitambaa chenu kila siku halafu mnamlaumu aliyemwaga bia.

Kwenye klabu yoyote ya snuka ukipaka chaki juu ya meza unaangaliwa vibaya. Unarudi nyuma hatua moja, unapaka pembeni, unaiweka upande wa rangi juu ili isichafue mbao. Kupaka nako ni kupitisha taratibu, siyo kuchimba shimo. Na wale wa poda ya mtoto mkononi ili fimbo iteleze, poda yenu yote inaishia kwenye kitambaa, viganja vyeupe meza nzima kama kuna mchawi kapita. Nunueni glavu au mkanawe mikono.

Halafu nunua chaki ya rangi ya kitambaa. Kitambaa kijani chaki kijani. Haipunguzi msasa ila angalau meza haionekani ina madoa ya wino.

Mtoto wa Tandika

Kumbe. Sisi chaki moja inatumika mpaka inatoboka upande wa pili unaona Jangwani

Dada Kijitonyama

Mmesahau mipira jamani. Watu wanakula mishkaki na chipsi kwa mkono ule ule wanaupanga mpira kwenye pembetatu. Mafuta yanahamia kwenye mpira, mpira unayatembeza kitambaa kizima na chaki inaganda juu yake. Mimi yangu naosha kila Jumatatu, beseni la maji ya uvuguvugu, tone la sabuni ya vyombo, nasuuza nakausha mmoja mmoja kabisa kabla haujagusa meza. Maji ya mara ya kwanza yalikuwa rangi ya bahari, sijui nisemeje. Ile ya gari ya kung'arishia msipake, inabaki juu ya mpira na kuhamia kwenye kitambaa.

Jongoo wa Jiji

Na masika je? Pale kwetu Mabibo kipindi cha mvua meza inakuwa nzito, mpira unapigwa unaishia njiani kama daladala limeishiwa mafuta. Mwenye meza anafunika na turubai la nailoni lakini asubuhi inanuka kama godoro la bwenini.

Fundi Meza

Ni hilo turubai. Sufu inavuta unyevu wa hewani yenyewe, na Dar mwezi wa nne hewa yenyewe ni mchuzi. Ukifunika na nailoni kitambaa chenye unyevu umekipika kwa mvuke, ukungu unaanza pale. Funika na shuka zito la pamba au turubai la kitambaa linalopumua, nailoni iwe juu kama mabati yanavuja tu na asubuhi uitoe mapema. Washa feni juu nusu saa kabla ya kufungua, meza inachangamka. Na jua nalo, meza isikae mahali jua la saa tisa linaingia barazani, rangi inapauka upande mmoja na nyuzi zinakuwa dhaifu.

Mleta uzi upo? Pimamaji limesemaje?

Kiranja wa Kimara

Nipo wakuu, nilikuwa kimya nilikuwa naifungua meza na fundi wa huku. Mrejesho.

Pimamaji lilionesha kona moja imeinuka kidogo. Tumetoa mbao za pembeni, tumekibandua kitambaa. Wakuu. Gundi imekuwa uji, ukigusa inavutika. Jiwe nashukuru ni jiwe kweli, vipande vitatu, na kwenye viungio vyake pale penye nta kulikuwa na tope la buluu limekauka. Nilidhani ni rangi ya kiwandani, fundi akakwangua na bisu akasema boss hii ni chaki yako ya miaka yote, imechujwa na kitambaa, maji ya dogo yameishusha hapa. Niliipima kwa mkono, gao zima. Fremu upande wa ile kona ilikuwa imelowa, tumeiacha wazi siku nne na feni, ikashuka karibu yote, iliyobaki tukasawazisha kwenye mguu.

Tukaziba viungio kwa nta ya nyuki upya, tukakwangua mpaka kiganja hakisikii kiungo. Kitambaa kipya nilichukua Kariakoo, fundi alinikataza kile cha bei ya chini kabisa, alikivuta dukani kikatanuka kama soksi akakirudisha. Bei sisemi, mke wangu anasoma humu.

Nimeweka kamba kwenye nguzo ya baraza, chaki inaning'inia pale, hatua mbili toka mezani. Ukitaka chaki unaifuata. Jana mlevi mmoja kaikata kamba akaja nayo mezani, dogo kamfuata kamnyang'anya kimya kimya akaifunga tena. Dogo huyo huyo mwenye ndoo. Kila asubuhi nakuta kashapiga brashi, mistari imenyooka kama uwanja wa Taifa, hataki hata mimi niguse.

Mama Grosari

Umefanya la maana hukumfukuza. Huyo hatamwaga maji tena mpaka anazeeka.

Jongoo wa Jiji

Na muuza chipsi je?? Yule wa soda

Kiranja wa Kimara

Hahaha kanuna. Siku ya kwanza kwenye kitambaa kipya kapiga mpira wake ule wa kukata kushoto, ukaenda moja kwa moja ukagonga raba ukarudi ukatumbukiza mweupe. Kalipa soda tano jioni moja. Leo kaniita pembeni anauliza kile kitambaa cha zamani nimekitupa wapi.